TUANDIKE MAPATANO KABLA YA KUTOA FEDHA



Mwezi huu katika landhi zetu hapa Eldoret neno moja tu ndilo linalosemwa, nalo ni kampuni. Wengi wenu mmekwisha kulisikia. Ndugu zetu thelathini na wawili, wa gengi, wa stesheni, wa karakana na madereva wawili, wanataka kuchanga shilingi 25,000 kila mtu, jumla yake shilingi 800,000, wanunue trekta iliyokwisha tumika pamoja na mashine ya kupukuchua mahindi. Shauri lenyewe ni jema. Wakati wa mavuno wakulima wa Uasin Gishu huitafuta mashine hiyo kama mgonjwa atafutavyo dawa, na mwenye nayo huenda shamba kwa shamba, toka Moiben mpaka Turbo, akilipwa kwa gunia. Hatuandiki ili kulipinga shauri hili. Wengine wetu tumo katika hao thelathini na wawili.

Tunaandika kwa sababu ya jambo lililosemwa katika mkutano wa juzi. Tuliambiwa kwamba karatasi za wakili ziko tayari, na kwamba kazi yetu ni kutia sahihi siku ya mshahara. Mmoja wetu alipouliza karatasi zile zinasema nini, alijibiwa, "Kumbe wewe hutuamini?" Watu wakacheka, naye akanyamaza.

Swali lile halikuwa la haki, na kicheko kile hakikuwa chema. Yafaa tuseme wazi kwa nini, ingawa yatakayosemwa yanatuaibisha.

Miaka sita iliyopita kumi na mmoja kati yetu tulinunua lori la kubeba mahindi na mbao. Kila mtu alitoa shilingi 60,000. Tulipatana chini ya mkaratusi ulio nyuma ya landhi, tukapeana mikono, mmoja akaomba, tukala nyama. Kitabu cha gari kiliandikwa jina la mwenzetu mmoja, kwa kuwa lazima liwe jina la mtu fulani, naye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kwenda ofisini siku ile. Mwaka wa kwanza faida ilionekana, na kila mwisho wa mwezi tuligawana. Mwaka wa pili mwenzetu mmoja wa gengi akafariki.

Baada ya matanga mjane wake alikuja, na watoto wawili, na daftari dogo la mumewe ambamo palikuwa pameandikwa kwa penseli: lori 60,000. Akauliza kwa adabu, fungu la mume wangu ni kiasi gani?

Sisi kumi tuliobaki tulitoa majibu manne. Wengine walisema arudishiwe 60,000 alizotoa marehemu. Wengine walisema lori limechakaa, haliuziki tena kwa bei ile, kwa hiyo apewe kadiri ya bei ya leo. Mmoja alisema marehemu alikuwa na deni la tairi, sharti likatwe kwanza. Naye mwenye kitabu cha gari akasema yeye hawezi kumlipa mtu yeyote, maana amesikia huko Turbo yuko mke mwingine, na akimlipa huyu kesho atakuja yule. Kila jibu lilikuwa na sababu yake, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yetu. Hapakuwa na karatasi yoyote ya kutuambia ni jibu lipi tulilolikubali siku ile chini ya mkaratusi. Kwa kweli hatukulikubali hata moja, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mmoja wetu atakufa.

Ugomvi ulidumu miezi kumi na minne. Wawili wetu hawakusalimiana tena, nao wakiwa gengi moja, wanainua taruma moja. Lori lilisimama katika uwanja wa fundi mmoja likaliwa na kutu, fundi akadai kodi ya kulilaza, na mwisho likauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Fungu la kila mtu halikufika shilingi 9,000. Mjane alipewa lile la mumewe baada ya kuzunguka kortini kutafuta hati ya kusimamia mirathi, na nauli zake zilizidi fedha aliyoipata.

Hakuna aliyeiba. Twalirudia neno hili kwa sababu watu wakisikia habari za biashara iliyovunjika huuliza mara moja, nani alikula fedha? Katika lori letu hakuna aliyekula. Tulikuwa watu waaminifu kumi na mmoja, na uaminifu wetu haukumsaidia mama yule hata kununua sare za shule.

Basi tuangalie kampuni ni kitu gani. Kampuni ya dhima yenye mpaka ni mtu mwingine mbele ya sheria. Ina jina lake, mali yake na madeni yake. Ikianguka, mwenye hisa hupoteza alichotoa au alichoahidi kutoa kwa hisa zake, lakini nyumba yake na ng'ombe wake hawaguswi. Sheria hii ilithibitishwa na kesi ya fundi mmoja wa viatu wa London, Aron Salomon, aliyeifanya biashara yake kuwa kampuni, yeye na mkewe na watoto wao watano. Kampuni ilipofilisika wenye kuidai walitaka yeye mwenyewe alipe. Mwaka 1897 mahakama ya juu ya Uingereza ilisema hapana, Salomon ni mtu mmoja na kampuni yake ni mtu mwingine. Hukumu hiyo inafuatwa mpaka leo katika nchi yetu pia, nayo ndiyo faida kubwa ambayo lori letu halikuwa nayo.

Lakini ukuta huo unaweza kubomolewa kwa kalamu. Kampuni changa ikienda benki kukopa, benki huwataka wakurugenzi watie sahihi ya dhamana kwa nafsi zao. Aliyetia sahihi hiyo ametoka nje ya ukuta, kampuni ikishindwa kulipa atafuatwa yeye. Kwa hiyo kifungu kimoja kiandikwe bila maneno mengi: hakuna mkopo wala dhamana pasipo mkutano wa wenye hisa wote kuitwa na kukubali, na kiasi kiwekwe kwa tarakimu.

Sasa habari za karatasi. Kila kampuni ina kanuni zake, nazo huandikishwa kwa Msajili wa Makampuni. Kwa Sheria ya Makampuni ya 2015, kampuni isiyoandika kanuni zake yenyewe itahesabiwa kuwa imezikubali kanuni za mfano zilizopigwa chapa na serikali. Kanuni hizo si mbaya, ila hazikuandikwa kwa kumfikiria mtu wa gengi aliyehamishwa kwenda Mtito Andei. Tumeziona pia karatasi za wakili wetu. Ukurasa wa tatu ulikuwa bado na jina la kampuni nyingine, ya watu wanaolima maua. Wakili amebadilisha jina tu, na hapo katika ukurasa wa tatu alisahau hata hilo. Hatumlaumu sana, kwani hakuna aliyemwambia sisi ni watu gani na twataka nini.

Pamoja na kanuni, wenye hisa wanaweza kuandika mkataba wao kwa wao, yaani mapatano ya wenye hisa. Tofauti yake ijulikane. Kanuni zilizoandikishwa mtu yeyote aweza kuzisoma, nazo zinamfunga kila memba, hata yule atakayeingia miaka kumi ijayo. Zinabadilishwa kwa kura zisizopungua asilimia 75. Mapatano ya wenye hisa hukaa sandukuni mwetu, nayo yanawafunga waliotia sahihi tu. Kwa hiyo mambo ya kura, ya kuuza hisa na ya kufariki yaingie katika kanuni zenyewe, ili asiwepo wa kusema kesho kwamba yeye hakusaini. Mambo ya zamu ya trekta na posho ya dereva yanaweza kukaa katika mapatano.

Huko Marekani wana aina ya kampuni iliyoanza kwa sheria ya jimbo la Wyoming mwaka 1977, ambayo msingi wake ni karatasi ya namna hii, mkataba wa uendeshaji. Katika jimbo la New York sheria inawataka wenye kampuni hiyo wayaandike mapatano yao. Katika jimbo la Delaware hata maneno ya mdomo yanaweza kuhesabiwa kuwa mkataba. Fikirini lori letu lingekuwa Delaware, watu kumi wakisimulia kila mmoja alichosikia chini ya mkaratusi! Mawakili wangelila mpaka tairi.

Haya, tuje kwenye vifungu vyenyewe. Hatutavitaja vyote, bali vile vilivyotuuma.

Cha kwanza ni kufariki. Mtu akifa, hisa zake haziendi kwa aliyelia zaidi matangani. Zinakwenda kwa msimamizi wa mirathi, na kwa Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, msimamizi ni yule aliyepewa hati na korti. Kabla ya hapo kugusa mali ya marehemu bila ruhusa ya sheria ni kosa. Kwa hiyo hata mkurugenzi mwenye huruma hawezi kufungua sanduku ampe mjane fungu lake siku ileile. Basi sisi tuandike yale tunayoweza. Tuandike kwamba familia ina haki ya kuchagua, ama ibaki na hisa na kupokea faida kama memba wengine, ama iziuze kwa memba waliobaki. Tuandike bei itapatikanaje: mtu wa nje mwenye ujuzi wa hesabu, asiye ndugu wa mtu yeyote kati yetu, apime mali na madeni ya kampuni, kisha agawe kwa hesabu ya hisa. Tuandike fedha italipwa kwa muda gani, mathalani miezi sita tangu hati ya korti kuonyeshwa. Tuandike pia kwamba deni la marehemu halikatwi ila lile lililo katika vitabu vya kampuni kabla ya kufa kwake. Na isemwe wazi kwamba wanaonunua ni memba, si kampuni, maana kampuni kununua hisa zake yenyewe kuna masharti mazito ya sheria.

Wengine wetu waliona vibaya kusema habari za kifo katika mkutano wa kuanza biashara. Walisema ni kujiombea mabaya. Lakini sisi tunaofanya kazi kando ya mabehewa tunajua mambo hayo hayangoji kuombwa.

Cha pili ni uhamisho, na hiki ni cha watu wa reli hasa. Leo uko Eldoret, mwezi ujao barua inakuja, wenda Malaba au Mombasa. Je, hisa yako itakuwaje? Mkutano ukiitwa kwa karatasi iliyobandikwa ubaoni stesheni, utaionaje? Sheria inampa memba ruhusa ya kumtuma mtu ampigie kura, lakini kama kanuni hazisemi taarifa itatumwaje na siku ngapi kabla, ruhusa hiyo ni kama tikiti ya treni iliyokwisha ondoka. Tunashauri siku ishirini na moja, na taarifa impate kila memba kwa simu yake na kwa maandishi. Na anayetaka kuuza hisa kwa sababu ya uhamisho awaambie wenzake kwanza, wawe na siku thelathini za kuzinunua, kabla hajamwuzia mtu wa nje. Chini ya kanuni za mfano za zamani, zilizokuwa katika sheria ya kabla ya 2015, wakurugenzi wa kampuni ya binafsi waliweza kumkataa mnunuzi bila kutoa sababu. Kanuni kama hiyo ikibaki hivyo ni hatari, maana memba atakuwa amefungiwa ndani na mlango umeshikwa na watu watatu.

Cha tatu ni kura, na hapa twaomba msomaji asome polepole. Wengi wanadhani kampuni ni kama chama chetu, mtu mmoja kura moja. Sivyo. Kwa kunyosha mikono kila memba huhesabiwa mmoja, lakini ikidaiwa kura ya hisa, huhesabiwa hisa, na mwenye nyingi ndiye mwenye sauti. Leo tuko 32 na hisa 32, sote sawa. Lakini kuna ndugu mmoja amekwisha kusema kwamba fedha ikipungua yeye yuko tayari kuongeza. Ni moyo mzuri. Hebu tuhesabu. Akinunua hisa mpya kumi na moja, atakuwa na 12 kati ya 43. Hiyo ni zaidi ya robo, na kwa kuwa kubadilisha kanuni kwahitaji asilimia 75, basi mtu mmoja ataweza kuzuia badiliko lolote, hata kama wengine wote thelathini na mmoja wanalitaka. Akizidi nusu atachagua na kuondoa wakurugenzi wote peke yake. Hatusemi atafanya hivyo, twasema tu kwamba ataweza. Kwa hiyo hisa mpya zikitolewa, zitolewe kwanza kwa memba wote sawasawa, na kuwekwe mpaka wa hisa ambazo mtu mmoja aweza kuwa nazo.

Ndugu mmoja alitushauri, kama mnapenda kura moja kwa mtu mmoja, anzisheni ushirika. Ni neno la maana, maana katika ushirika ndivyo ilivyo, na watu kumi wanatosha kuanza. Wale thelathini na wawili walifikirie pia. Lakini ushirika nao una kanuni zake za kuandikwa, kwa hiyo hawataikimbia kazi hii.

Mengine tutayataja mbiombio. Cheki ziwe na sahihi tatu, na wenye sahihi wasiwe wa nyumba moja wala wa zamu moja. Hesabu isomwe kila miezi mitatu. Faida isigawanywe yote, fungu liwekwe kwa tairi na mkanda wa mashine. Mkurugenzi asiikodishe mashine kwa shamba la ndugu yake bila kusema. Kuhusu kumwondoa mkurugenzi, sheria yenyewe inaruhusu wenye hisa kumtoa kwa kura zaidi ya nusu, naye apewe nafasi ya kujitetea.

Ila daftari la wenye hisa hatuwezi kulipita mbiombio, kwa sababu ya mambo yaliyotokea katika nchi hii. Baada ya Uhuru, katika miaka ya 1960 na 1970, mashamba mengi ya walowezi katika Bonde la Ufa, na hapa Uasin Gishu pia, yalinunuliwa na makampuni ya watu wadogo waliochanga kidogo kidogo. Wazee wetu walikuwamo. Wengi walipata ardhi, na hilo lisisahauliwe. Lakini katika makampuni mengine mtu alikuwa na risiti na jina lake halimo daftarini, au hisa moja ilikuwa na wenyewe wawili, na wakurugenzi walikaa miaka mingi bila mkutano. Mambo yakafika mahali ambapo mwaka 1986 Rais Moi aliamuru makampuni ya kununua mashamba yavunjwe na wenye hisa wapewe hati zao. Hata hivyo kesi nyingine za aina hiyo zilivuka na kuingia katika karne hii, zikirithiwa na watoto wa waliochanga. Risiti si hisa. Aliye daftarini ndiye memba. Kwa hiyo tuandike kwamba daftari liwe na nakala mbili, kwa watu wawili, na kila memba awe na haki ya kulifungua na kuona jina lake siku yoyote ya kazi.

Tunashangaa kwamba watu wa chama cha wafanyakazi tunahitaji kuambiwa haya. Katika chama hatumpi mtu uenyekiti pasipo katiba, nasi tunaijua katiba yetu, twaweza kusimama mkutanoni na kumwambia karani, kifungu fulani chasemaje? Dereva haingii katika sehemu ya njia moja bila ruhusa, hata kama anamwamini stesheni masta kama baba yake. Hakuna aliyewahi kumwuliza dereva, kumbe humwamini? Lakini tukifika kwenye shilingi 25,000 zetu wenyewe, jasho la miezi, tunaona haya kuomba karatasi isomwe.

Ombi letu kwa ndugu thelathini na wawili ni hili. Siku ya mshahara isiwe siku ya sahihi. Karatasi ya wakili ni ya Kiingereza, naam, na ndivyo itakavyoandikishwa, lakini kwanza ipigwe chapa kwa Kiswahili katika mashine hii hii inayotoa gazeti letu, kila mtu apewe nakala, akaisome nyumbani na mkewe. Tumekwisha kuomba karatasi na wino, na ofisi ya tawi imekubali. Wakili alipwe saa moja zaidi aketi nasi atusikilize.

Mkutano wa kusoma kifungu kwa kifungu utakuwa Jumapili ya kwanza baada ya mshahara, saa nane mchana, nyuma ya landhi, mahali palepale. Walio zamu wamtume mtu na barua. Mjane wa mwenzetu wa lori tumempelekea habari, si kwamba ana hisa katika kampuni hii, bali tulimwomba atuambie kama kifungu cha kufariki tulivyokiandika kingemfaa. Amejibu kwamba atakuja, na kwamba kile kipimo cha miezi sita anaona ni kirefu.